Bastola fupi kiunoni: je, inamlinda mfanyabiashara anayerudi na fedha?

Msimu wa parachichi ukichanganya, wilayani Rungwe fedha hutembea. Mnunuzi anatoka Tukuyu alfajiri, anapita Ushirika, anapandisha vijijini na kulipa wakulima mkononi. Wa ndizi na viazi wanafanya hivyo hivyo Kiwira. Jioni wengine wanarudi na kilichobaki, wakiwa juu ya bodaboda, mvua inanyesha na ukungu umeshuka barabarani.

Katika hali hiyo swali moja hujirudia vijiweni na kwenye makundi ya simu: kwa nini mtu asiombe kibali akamiliki bastola ndogo, akaificha chini ya koti? Na wanaoulizana hivyo mara nyingi huongeza jambo jingine, kwamba ukitafuta, tafuta ile yenye nguvu, inayoitwa Magnum, lakini fupi ili isionekane.

Swali hilo si la mzaha. Mtu akivamiwa njiani anaweza kupoteza mtaji wa mwaka mzima, hata uhai. Lakini kabla ya kuuza ng'ombe ili ununue chuma, ni vizuri kujua chuma hicho kinafanya nini hasa. Katika makala haya tunaeleza kwa nini urefu wa mtutu ni jambo kubwa, sheria ya Tanzania inasemaje, na mfanyabiashara wa kijijini anabaki na njia gani.

Rivolva ni nini, na Magnum ni nini?

Watu wengi huita kila bunduki ya mkononi bastola, na hawakosei. Ila zipo za aina mbili kubwa. Ya kwanza hupokea risasi kutoka kwenye magazini inayoingizwa ndani ya kitako. Ya pili ni rivolva, ile yenye silinda katikati, inayozunguka kila unapofyatua. Silinda hiyo kwa kawaida hubeba risasi 5 au 6.

Magnum si jina la bunduki moja. Ni jina la risasi zenye baruti nyingi kuliko za kawaida. Inayotajwa zaidi ni .357 Magnum, iliyotolewa Marekani mwaka 1935 na kampuni ya Smith & Wesson. Namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi, karibu milimita 9. Wakati ule polisi wa Marekani walikuwa wakipambana na majambazi waliokimbia kwa magari, wakataka risasi inayoweza kutoboa bati la gari. Mwaka 1955 ikafuata kubwa zaidi, .44 Magnum.

Jambo la kukumbuka ni hili: risasi hiyo ilitengenezwa ikiwa imekusudiwa bastola kubwa. Za mwanzo kabisa zilikuwa na mitutu iliyozidi inchi 8, yaani zaidi ya sentimita 20. Hakuna aliyefikiria kuificha bastola ya namna hiyo mfukoni. Wazo la kuchukua risasi ile ile na kuiweka kwenye bastola yenye mtutu wa inchi 2, urefu wa sentimita 5 tu, lilikuja baadaye.

Mtutu mfupi unapunguza nini?

Wengi wetu utotoni tumewahi kupuliza mbegu kwa kutumia bua la jani la mpapai. Ukitumia bua refu, mbegu inaruka mbali. Ukilikata likabaki fupi kama kidole, mbegu inaanguka karibu na miguu yako. Pumzi yako ni ile ile. Kilichobadilika ni muda ambao pumzi imepata kuisukuma mbegu kabla haijatoka.

Bunduki inafanya kazi hivyo hivyo. Baruti ikiwaka inageuka gesi ya moto, na gesi hiyo inaisukuma risasi ndani ya mtutu. Risasi ikishatoka mdomoni, msukumo umekwisha. Mtutu ukiwa mfupi, risasi inatoka kabla gesi haijamaliza kazi, na sehemu ya nguvu hiyo inamwagika nje, ikawa moto na mlio.

Tuchukue risasi ya .357 Magnum yenye uzito wa gramu 8 hivi. Kwenye mtutu wa inchi 4 hutoka kwa mwendo wa takriban mita 430 kwa sekunde. Kwenye mtutu wa inchi 2 mwendo unaweza kushuka mpaka mita 360 hivi. Vipimo hutofautiana kwa kiwanda na kwa bastola, lakini mwelekeo ni huo huo.

Mita 70 zinaweza kuonekana ndogo. Sivyo. Nguvu ya kitu kinachoruka haipungui sawa na mwendo wake, hupungua zaidi. Hapa mwendo umepungua chini ya moja ya tano, lakini nguvu imepungua karibu asilimia 30. Kwa hiyo anayenunua Magnum yenye mtutu mfupi sana anakuwa amelipia baruti ambayo sehemu yake inawaka hewani mbele ya pua yake.

Ni kweli kwamba hata hivyo risasi hiyo bado ina nguvu kuliko risasi za kawaida za rivolva, kama .38 Special, na bado inaua. Tatizo lake kubwa linaanza kwa yule anayeifyatua.

Teke, mlio na shabaha

Kwanza ni teke. Rivolva ya chuma yenye mtutu wa inchi 4 inaweza kufikia au kuzidi uzito wa kilo 1, na uzito huo unasaidia kumeza msukumo unaorudi nyuma. Bastola ndogo ya kufichwa inaweza kuwa chini ya nusu kilo. Baruti ni ile ile, chuma cha kuituliza hakipo. Teke lote linaishia kwenye kiganja. Asiyefanya mazoezi mara kwa mara, risasi ya pili humpotea kabisa, kwa sababu mkono umeruka juu na mwili umeanza kuogopa silaha yake mwenyewe.

Pili ni mlio na mwanga. Mlio wa Magnum huzidi desibeli 150, na sauti inayozidi 140 inaweza kuharibu sikio kwa mara moja tu. Kwenye mtutu mfupi mdomo wa bastola uko karibu zaidi na uso wako. Usiku, moto unaotoka humpofusha mfyatuaji kwa muda, na muda huo ndio anaohitaji kuona adui yuko wapi na mtoto wake yuko wapi. Zaidi ya hapo, rivolva ina mwanya mdogo kati ya silinda na mtutu, na gesi ya moto hutoka pembeni kwa kasi. Anayeishika vibaya, kidole kikiwa mbele ya silinda, anaumia.

Tatu ni shabaha. Unapolenga, unalinganisha alama ya nyuma na alama ya mbele ya bastola. Alama hizo zikiwa mbali, kosa dogo linaonekana na unalirekebisha. Zikikaribiana, kosa dogo linajificha. Chukulia umekosea kwa milimita 1 tu. Kama alama zimeachana kwa sentimita 20, mtu aliye mita 10 mbele utamkosa kwa sentimita 5 kutoka pale ulipokusudia. Zikiwa zimeachana kwa sentimita 10, kosa hilo hilo linakuwa sentimita 10. Sasa weka juu yake mkono unaotetemeka, mvua, giza, na bodaboda iliyoanguka pembeni.

Ndiyo maana bunduki za wawindaji zina mitutu mirefu. Hata gobore, ambalo wazee wengi wa nyanda hizi wanalifahamu, lina mtutu mrefu kupita bunduki nyingi za kisasa. Baruti yake nyeusi haina nguvu ya baruti za leo na inahitaji njia ndefu ili kuisukuma risasi. Mwindaji alihitaji risasi ifike mbali na ifike pale pale, na hakuwa na sababu ya kulificha gobore lake.

Ufupi unamsaidia nani?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Bastola fupi inapoteza mwendo, inapoteza shabaha, inaongeza teke na mlio. Inapata kitu kimoja tu: haionekani. Tujiulize basi, kutoonekana kunamfaa nani zaidi?

Kunamfaa anayeanza. Mtu aliyepanga shari anachagua mahali, saa na umbali. Anasogea karibu kama mpita njia, anatoa silaha, na kwa umbali wa hatua mbili hahitaji shabaha. Aliyevamiwa hana uchaguzi wowote. Anatakiwa atambue hatari, afungue koti, ainue sweta, atoe bastola, alenge na aamue, wakati panga au bunduki ya mwenzake tayari iko shingoni. Kwa baridi yetu ya Rungwe, ambako mwezi wa Juni na Julai mtu anavaa nguo tatu, kilichofichwa vizuri ni kigumu pia kukitoa.

Taarifa za polisi nchini zinaonyesha jambo hilo kwa njia nyingine. Mara nyingi wanapokamata silaha za majambazi, tunasikia maneno yale yale: shotigani iliyokatwa mtutu na kitako. Jambazi anakata bunduki ili iingie kwenye begi. Anajua anaharibu shabaha yake, na hajali, kwa kuwa hana mpango wa kupiga mbali.

Tunakumbuka pia tukio la tarehe 25 Agosti 2021 jijini Dar es Salaam, karibu na Ubalozi wa Ufaransa. Mtu mmoja aliyekuwa na bastola aliwashambulia askari ghafla, akachukua bunduki zao na kuendelea kufyatua. Askari 3 na mlinzi 1 wa kampuni binafsi waliuawa, watu 6 walijeruhiwa, na mshambuliaji naye akauawa. Wale askari walikuwa wamefunzwa na walikuwa na silaha kubwa kuliko yake. Kushtukizwa ndiko kulikowashinda.

Kama hali ni hiyo kwa askari aliyefunzwa, mfanyabiashara wa viazi aliyefyatua risasi chache siku ya mafunzo anapaswa kufikiri mara mbili. Akishindwa kuitoa kwa wakati, bastola yake inakuwa sehemu ya mali iliyoporwa, na wiki ijayo itatumika kumvamia jirani.

Sheria inasemaje?

Silaha za raia Tanzania zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kumiliki bunduki si haki ambayo kila mtu anayo. Ni ruhusa anayopewa mtu baada ya kuchunguzwa. Mwombaji awe ametimiza umri wa miaka 25, awe na akili timamu, asiwe mlevi wa kupindukia au mtumiaji wa dawa za kulevya, na athibitishe kwamba anajua kutumia silaha kwa usalama. Maombi hupita polisi na kwenye kamati za ulinzi na usalama, kwa hiyo watu wa kwenu wanaokufahamu wana neno la kusema.

Kibali kinatolewa kwa jina la mtu mmoja na kwa silaha moja yenye namba yake. Huwezi kumwazima shemeji kwa safari ya Mbeya. Baba mwenye kibali akifariki, familia hairithi bastola kama inavyorithi shamba la chai. Silaha inapelekwa polisi, na anayeitaka anaanza kuomba upya. Kukata mtutu, kubadili silaha au kufuta namba yake bila ruhusa ni kosa.

Kumiliki silaha bila kibali si kesi ndogo. Hushtakiwa pia chini ya sheria ya uhujumu uchumi, ambayo adhabu zake tangu marekebisho ya mwaka 2016 zinaweza kuwa kifungo cha miaka 20 hadi 30. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Kijana anayetunza bastola ya rafiki yake kwa siku mbili anapaswa kuzijua hesabu hizo.

Na ukifyatua ukijitetea? Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 18 hadi 18C, inatambua haki ya mtu kujilinda na kulinda mali yake. Lakini nguvu unayotumia lazima iwe ile inayohitajika kwa hatari iliyopo. Mwizi aliyekwisha geuka na kukimbia na mkungu wako wa ndizi hakutishii uhai. Ukimpiga risasi ya mgongo, wewe ndiye utakayesimama kizimbani.

Hapo pia nguvu ya Magnum inarudi kama mzigo. Risasi yake inaweza kupita mwilini ikatokea upande wa pili, ikatoboa ukuta wa mbao au mlango wa bati, na isipozuiwa ikaruka zaidi ya kilomita 1. Vijiji vyetu vimebanana, nyumba na migomba bega kwa bega. Kila risasi unayofyatua ni yako mpaka itakapotua, na itakayemkuta mtoto wa jirani ni yako pia.

Njia gani zinabaki?

Hatumwambii mtu asiombe kibali. Ni haki yake kuomba, na wapo wenye sababu nzito. Tunachosema ni kwamba bastola iwe jambo la mwisho katika orodha, baada ya mambo yafuatayo.

Punguza fedha taslimu. Mwizi anafuata fedha. Malipo ya simu na akaunti za AMCOS au benki yamefika vijijini, na makato yake, hata kama yanauma, ni madogo kuliko mtaji wote. Mkulima na mnunuzi wakikubaliana mapema, hakuna sababu ya mtu mmoja kupita Kiwira na mamilioni kiunoni.

Badilisha saa na njia. Anayepita barabara ile ile kila siku ya gulio saa ile ile amemwachia mvamizi ratiba yake. Safiri na wenzako, mapema, kabla ya ukungu wa jioni. Usitangaze mauzo yako kijiweni wala kwenye kundi la simu.

Tumia ulinzi wa jamii. Polisi kata, mgambo na sungusungu wana kazi siku za soko kubwa. Wafanyabiashara wakijipanga pamoja wanaweza kuomba kusindikizwa. Mtu mmoja mwenye bastola hawezi kupata ulinzi wa namna hiyo.

Na kama tayari una silaha halali, itunze kwenye kasha lenye kufuli, risasi zikae mbali nayo, watoto wasijue ufunguo ulipo. Mvua za Rungwe hazioni huruma chuma kinacholala chini ya godoro. Kutu ndani ya mtutu ni hatari kwa mwenyewe. Fanya mazoezi mahali panaporuhusiwa. Usiingie nayo kilabuni. Pombe na bastola havikai meza moja.

Kwa wenye silaha zisizo na kibali, yakiwemo magobore yaliyoachwa na marehemu babu darini, mlango upo. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha, Septemba na Oktoba, ambapo mtu husalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kwenye kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa. Ni sehemu ya makubaliano ya nchi za ukanda wetu, yaliyowekwa kwenye Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ya kupunguza silaha ndogo zinazozagaa. Sikiliza tangazo la kipindi kijacho, na kabla ya kubeba chochote, mwone kwanza mtendaji wa kijiji au polisi kata akuelekeze.

Mwisho wa yote, bastola fupi inaahidi makubwa kwa sababu inakaa karibu na mwili na kumpa mtu moyo. Lakini moyo huo unaweza kumfanya apite njia ambayo angeikwepa, na kubeba fedha ambazo angeziacha benki. Mtutu wa sentimita 5 haujui kama aliyeushika ni mwizi au mchuuzi. Hata hivyo, kwa namna ulivyotengenezwa, mara nyingi unamfaa zaidi yule aliyekuja na mpango.

Fika nyumbani salama, msikilizaji.